Tovuti Nayo Yataka Nyumba: Nasaha kwa Familia na Vikundi vya Akina Mama Kabla ya Kulipa



Ndugu msomaji, zamani mama aliyeshona kofia za viua au kusuka mikoba ya ukili alingoja mnunuzi apite mlangoni, au alimtuma mtoto sokoni. Leo binti yake huipiga picha kazi hiyo kwa simu baada ya swala ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri oda imefika kutoka Malindi, Nairobi au Muscat. Madrasa hutangaza nafasi za wanafunzi kwa njia hiyo hiyo, na vikundi vya akina mama hukusanyia hapo michango ya mayatima na futari ya Ramadhani. Basi huja siku ambapo mmoja katika kikao husema, "Jamani, na sisi tufungue tovuti." Wote huafiki. Mazungumzo yakaenda kwenye rangi, picha na maneno ya kukaribisha wageni.

Lisiloulizwa ni hili: tovuti hiyo itakaa wapi, kwa jina la nani, na mwaka wa pili italipiwa kiasi gani? Kwa hakika tovuti ni mkusanyiko wa faili, nazo faili hazikai hewani. Hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo mwenyewe huikodisha kwa watu kwa mwezi au kwa mwaka. Kuikodi nafasi hiyo ndiko kunakoitwa kupangisha tovuti. Mpango mbaya ukichaguliwa, fedha hupotea na jina jema la kikundi huingia doa. Na fedha zenyewe aghalabu si za mtu mmoja. Ni shilingi za chama, ni sadaka za waumini, ni akiba ya mjane aliyeuza bajia mwaka mzima. Fedha za namna hiyo ni amana, na amana haitolewi kwa kukisia.

Je, haja ipo?

Tuanze na swali ambalo muuzaji hatakuuliza. Mama anayepika mahamri, viazi vya karai na vitumbua kwa ajili ya mtaa wake hana haja ya tovuti. WhatsApp Business humpa mahali pa kuonyesha bidhaa na bei zake bila malipo, na wateja wake tayari wanaijua nambari yake. Kumtwika gharama ya kila mwaka ni kumpunguzia faida bila sababu.

Tovuti yafaa pale watu wasiokujua wanapotaka kukutafuta na kukupata. Pale taasisi inapotaka wafadhili waone hesabu na picha za kazi yake mahali pamoja. Pale oda zinapokuwa nyingi kiasi kwamba kuzifuata katika jumbe za simu kunaleta makosa. Au pale mnapotaka kumbukumbu zenu zisitegemee ukurasa wa mtandao wa kijamii ambao waweza kufungwa bila ninyi kushauriwa. Ikiwa mojawapo ya haya ni haja yenu, endeleeni kusoma.

Shamba na nyumba

Tovuti ina vitu viwili vinavyolipiwa mbalimbali, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kikoa, yaani jina ambalo watu huliandika ili wakufikie. Cha pili ni nafasi katika seva. Kikoa ni mfano wa shamba, na nafasi katika seva ni mfano wa nyumba iliyojengwa juu yake.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa hatari iliyopo hapa, kwani wanaijua hali iitwayo nyumba bila shamba. Kuta ni zako na paa ni lako, lakini ardhi ni ya mwingine, nawe humlipa kodi ya ardhi huku ukiomba asibadilishe nia. Ndivyo ilivyo kwa kikundi ambacho tovuti yake ilitengenezwa na kijana fulani, naye akakiandikisha kikoa kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe. Kijana huyo akipata kazi Doha au akikosana na kamati, jina ambalo limechapishwa kwenye mabango, risiti na mifuko linabaki mikononi mwake. Huenda asiwe na nia mbaya hata kidogo. Yatosha tu awe amesahau nenosiri.

Kwa hivyo kikoa kiandikishwe kwa jina la kikundi, na kwa barua pepe ambayo kikundi chenyewe kinaimiliki. Hapa Kenya majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na huuzwa na wakala waliosajiliwa nayo. Jina la .co.ke ni la biashara, .or.ke ni la jumuiya zisizotafuta faida, .sc.ke ni la shule, na .me.ke ni la mtu binafsi. Kikundi cha kusaidia mayatima kitaaminika zaidi kikiwa na .or.ke kuliko .co.ke.

Jueni pia kwamba kikoa hakinunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa kwa mwaka au miaka. Anayepitisha tarehe ya kulipa tovuti yake huzimika. Kwa majina ya .com, baada ya muda wa kusubiriwa kwisha na jina kufutwa, huwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada iliyo kubwa, na baada ya hapo yeyote aweza kulichukua. Si mara haba majina yaliyoachwa yakachukuliwa na watu wa kamari au wa picha chafu, kwa sababu wageni wa zamani huendelea kuyafungua. Fikirieni mzazi anayefungua tovuti ya madrasa na kukutana na hayo.

Nyumba za aina nne

Mipango ya kupangisha ina majina mengi, lakini aina zake ni chache.

Aina ya kwanza ni ya bure. Huko ni kulala barazani kwa mtu: umestiriwa na mvua, lakini huna mlango. Mwenye baraza hulipwa na matangazo, nawe huna amri juu yake. Huenda chini ya mawaidha ya Ijumaa likatokea tangazo la kamari au la pombe. Aidha, mwenye baraza aweza kulifunga. GeoCities, iliyowahi kuwa miongoni mwa mahali maarufu duniani pa kuweka kurasa za bure, ilifungwa na Yahoo mwezi Oktoba 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka nayo. Bure yafaa kwa kujifunza. Haifai kwa taasisi inayokusanya sadaka.

Aina ya pili ni upangishaji wa pamoja. Huu ni mfano wa kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili: kila mtu ana chumba chake na kufuli lake, lakini ukumbi ni mmoja, ua ni mmoja na mfereji wa maji ni mmoja. Seva moja hubeba mamia ya tovuti. Bei yake ni nafuu, na kwa tovuti nyingi za madrasa, vikundi na maduka madogo inatosha kabisa. Kasoro yake ni ile ya nyumba yoyote ya vyumba. Jirani akiwa na harusi, maji ya mfereji hupungua. Jirani akituma barua pepe za ulaghai, anwani ya seva nzima hutiwa alama mbaya, na barua zako za halali zikaanza kutupwa kwenye kapu la taka.

Aina ya tatu ni ile iitwayo VPS. Hii ni fleti yenye mita yake ya umeme na tangi lake la maji. Jengo ni la wengi, lakini mgao wako umetengwa. Ni ghali zaidi, na yataka mtu anayejua kuitunza, kwani mara nyingi ulinzi na matengenezo huwa juu ya mpangaji. Kikundi kisicho na fundi wa kudumu kisichukue VPS isipokuwa ile ambayo mpangishaji ameandika kwamba atayashughulikia matengenezo mwenyewe.

Aina ya nne ni seva nzima, au nafasi katika wingu, ambapo tovuti hubebwa na seva nyingi na malipo huenda kwa kadiri ya matumizi. Hayo ni mambo ya makampuni makubwa. Malipo ya kadiri ya matumizi yana hatari yake pia kwa familia, maana hesabu ya mwezi haijulikani mpaka mwezi uishe.

Kuna pia makampuni yanayokupa vyote kwa pamoja, nafasi na zana za kujijengea kurasa bila fundi, kwa malipo ya kila mwezi. Ni njia nyepesi kwa dada anayefanya kazi peke yake. Aulize tu jambo moja: akitaka kuhama, ataweza kuichukua tovuti yake? Wengi wa hao hawaruhusu kurasa zihamishwe zilivyo, na kuhama huwa ni kuanza upya.

Pimeni kwa kibaba

Muuzaji hutangaza ukubwa. Jibu la ukubwa ni hesabu.

Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa aghalabu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Picha 200 za mabuibui zikipakiwa zilivyo, kwa wastani wa megabaiti 4, zitachukua megabaiti 800. Zikipunguzwa kwanza hadi kilobaiti 200 kila moja, kazi ambayo programu za bure huifanya kwa dakika chache na jicho lisione tofauti kwenye kioo cha simu, picha hizo hizo zitachukua megabaiti 40 tu.

Sasa tuseme tovuti yenu yatembelewa na watu 1,000 kwa mwezi, kila mmoja akafungua kurasa 4, na kila ukurasa una megabaiti 2. Hiyo ni megabaiti 8,000, yaani takriban gigabaiti 8 kwa mwezi. Mpango wa kawaida wa pamoja hubeba mzigo huo bila shida. Basi kwa nini ulipie mpango wa gigabaiti 100? Kununua chungu cha pilau ya harusi ili kupikia watu watatu ni israfu. Na tusisahau upande wa mgeni: ukurasa mzito humla bando mteja wetu, naye huondoka kabla haujafunguka.

Kinachohitaji kufikiriwa zaidi ni msimu. Biashara zetu hazina mwendo mmoja mwaka mzima. Kumi la mwisho la Ramadhani, siku za kuelekea Idd, na miezi ya harusi, watu huja kwa mkupuo. Katika mipango ya pamoja, mpangishaji huweka mpaka wa nguvu za seva ambazo kila mpangaji aweza kuzitumia kwa wakati mmoja. Mpaka huo ukifikiwa, mgeni huona ukurasa mweupe wenye maandishi ya hitilafu, mara nyingi nambari 508, badala ya nguo za Idd. Kwa hivyo muulizeni muuzaji: tukizidiwa katika Ramadhani, twaweza kupandishwa mpango mkubwa siku hiyo hiyo, na baada ya Idd tukarudi mdogo?

"Bila kikomo" na mwaka wa pili

Matangazo mengi husema nafasi "bila kikomo". Hakuna seva isiyo na kikomo, kama lisivyokuwapo debe lisilo na kitako. Maana ya maneno hayo imo katika masharti ya matumizi, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: idadi ya faili ina mpaka, nguvu za seva zina mpaka, idadi ya barua pepe kwa saa ina mpaka. Dini yetu imetufundisha kujitenga na gharari, yaani mapatano ambayo kinachouzwa hakijulikani. Someni masharti, na lisiloeleweka liulizwe kwa maandishi.

Jambo la pili ni bei. Desturi ya soko hili ni kuvuta wateja kwa bei ndogo ya mwaka wa kwanza. Tuchukue mfano. Mpangishaji mmoja adai shilingi 1,200 mwaka wa kwanza na 4,800 kila mwaka unaofuata. Mwingine adai 3,000 kila mwaka bila kubadilika. Macho hukimbilia 1,200. Lakini kwa miaka mitatu wa kwanza atakuwa amechukua shilingi 10,800, na wa pili 9,000. Ulizeni daima bei ya kuhuisha, wala si bei ya kuingia. Ulizeni kama VAT ya asilimia 16 imo ndani au itaongezwa. Ulizeni kama barua pepe, cheti cha usalama na nakala za akiba zimo katika bei hiyo au zinauzwa kando.

Wapangishaji wa ng'ambo hudai dola na kadi ya benki. Dola ina mawimbi yake. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kabla ya mwaka kufika nusu ilikuwa imerudi karibu na 130. Mpango wa dola 60 ungekuwa shilingi 9,600 katika wakati mmoja na 7,800 katika mwingine, na kikundi kinachopanga bajeti kwa michango ya shilingi hamsini hamsini hakiwezi kupuuza tofauti hiyo. Kadi nayo mara nyingi hukatwa yenyewe kila mwaka mpaka useme basi. Wapangishaji wengi wa hapa nchini hupokea M-Pesa, na hilo humwezesha mweka hazina kuwa na ujumbe wa malipo wa kuwaonyesha wenzake.

Seva iko wapi?

Mombasa ni lango la intaneti kama ilivyokuwa lango la majahazi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa, na EASSy ikafuata 2010. TEAMS ilitandikwa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, njia ambayo mababu zetu waliifuata kwa upepo wa kaskazi. Kabla ya nyaya hizo, nchi ilitegemea setilaiti, na huduma ilikuwa ya polepole na ya bei kali.

Tovuti ikikaa katika seva ya Ulaya au Marekani, kila ombi la mgeni aliye Likoni husafiri chini ya bahari kwenda na kurudi. Safari ni ya sehemu ndogo ya sekunde, lakini ukurasa mmoja waweza kuhitaji safari nyingi. Mwezi Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Nairobi na Mombasa zina vituo vya data, na pia mahali ambapo makampuni ya intaneti hubadilishana mizigo yao bila kutoka nchini; kwa hivyo seva iliyomo Kenya aghalabu hufikika na watu wa Kenya hata nyaya za baharini zinapokuwa na matatizo.

Kanuni ni nyepesi: seva ikae karibu na wageni wako walio wengi. Madrasa ya Kisauni yenye wazazi wa Kisauni ichague seva ya Kenya. Mshonaji ambaye wanunuzi wake ni jamaa walioko Oman na Uingereza hana sababu ya kung'ang'ania Nairobi. Wala msidanganywe na anwani: jina la .ke si dhamana kwamba seva iko Kenya, na kampuni yenye ofisi Nairobi yaweza kuwa imekodi seva Ujerumani. Ulizeni.

Ahadi ya kuwa wazi nayo ipimwe. Asilimia 99.9 yasikika kama kamili, lakini ni takriban saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka. Asilimia 99 ni zaidi ya siku tatu na nusu.

Moto wa Strasbourg

Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote. Hakuna aliyekufa, lakini tovuti nyingi mno zilizimika, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa mahali pale pale palipoungua. Hao walipoteza vyote. Kampuni ilikuwa kubwa, yenye sifa, katika nchi tajiri.

Funzo ni kwamba mpangishaji anayefanya nakala kila siku ni jambo jema, lakini nakala yenu wenyewe ni wajibu. Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya mabadiliko makubwa, mmoja wa kikundi apakue nakala ya tovuti nzima na kuiweka katika kompyuta au kifaa kingine, mbali na mpangishaji. Ulizeni pia: mkitaka kurudishiwa nakala, ni bure au hulipiwa, na huchukua saa ngapi?

Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https, kisiwe cha kulipia kwa tovuti ya kawaida. Tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa bure miaka ya 2015 na 2016, wapangishaji wengi huviweka bila malipo. Na programu zilizojenga tovuti, kama vile WordPress, zisasishwe kila zinapotoa toleo jipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tovuti nyingi huvamiwa kupitia programu zilizopitwa na wakati, hata seva yenyewe ikiwa imara.

Majina ya watu na sura za watoto

Fomu ya kujiandikisha madrasa hukusanya majina ya watoto, umri, nambari za wazazi, pengine hata maradhi yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka taarifa hizo zikusanywe kwa sababu maalumu na zilindwe, na taarifa za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Si maneno ya karatasini tu. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Madrasa ngapi zingeweza kuilipa?

Basi msiweke picha za watoto bila idhini iliyoandikwa. Msikusanye msichokihitaji. Na mnapochagua mpangishaji, ulizeni ni nani katika kampuni yake awezaye kuzisoma taarifa zenu. Kusitiri mambo ya watu ni adabu tuliyolelewa nayo kabla ya sheria kuandikwa.

Funguo zikae kwa nani

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kushuhudisha. Ikiwa Mola wetu ametuamrisha tuandike hata deni baina ya ndugu, itakuwaje tupatane na fundi wa tovuti kwa mdomo? Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Andikeni, hata kama fundi ni mpwa wako na umemlea. Karatasi moja yatosha: kikoa ni cha nani, nafasi katika seva imelipiwa kwa jina gani, fundi atalipwa nini na kwa kazi ipi, na akiondoka atakabidhi nini. Maneno ya siri yakae kwa watu wawili wa kamati, si mmoja, wala yasitumwe katika kundi la WhatsApp. Tarehe za kuhuisha ziandikwe katika daftari la mweka hazina, na fedha zake zianze kutengwa miezi miwili kabla. Kijana mwema hataudhika kwa karatasi hiyo, kwani yamlinda na yeye: kesho lawama zikizuka, ataionyesha.

Kabla ya kulipa, mpigieni mpangishaji simu au mwandikieni usiku wa Jumamosi, mkiuliza swali dogo tu. Atakayejibu kwa upole baada ya saa moja ni bora kuliko mwenye bei nafuu atakayejibu Jumanne. Anzeni kwa mwaka mmoja, msilipe miaka mitatu kwa kuvutwa na punguzo, mpaka mmemjua.

Kwa jumla

Mama wa vitafunio vya mtaa abaki na simu yake. Dada mshonaji mwenye wateja wa miji mingi achukue mpango mdogo wa pamoja, na kikoa kiwe kwa jina lake. Madrasa au kikundi cha sadaka kichukue mpango wa pamoja ulio katika seva ya Kenya, wenye nakala za kila siku na cheti cha bure, kikae mbali na huduma za bure zenye matangazo, na kiandike kila kitu. Duka ambalo oda zake zimezidi nguvu ya mpango wa pamoja, na lenye uwezo wa kumlipa fundi, ndilo lihamie VPS. Kupanda kutoka kidogo kwenda kikubwa ni rahisi. Kurudishiwa fedha za kikubwa kisichotumika ni taabu.

Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, aliendesha biashara iliyosafiri hadi Sham ilhali mwenyewe yuko Makka, na alichokitazama kwanza kwa aliyemkabidhi mali yake kilikuwa uaminifu. Kipimo hicho hakijapitwa na wakati. Allah azitie baraka kazi za mikono ya mama na dada zetu, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.